King'ora na insulini: Nani anafaa kushika usukani wa ambulensi?

SIMU ya dharura inapolia katika kituo cha ambulensi, dereva hana nafasi ya kujiuliza alikula lini mara ya mwisho. Hukimbilia gari, akawasha king'ora na kuingia barabarani, mawazo yake yakiwa kwa watu wawili: mgonjwa anayemsubiri na mtembea kwa miguu anayeweza kujitokeza mbele yake wakati wowote.

Kwa dereva mwenye kisukari anayetegemea sindano za insulini, kuna jambo la tatu la kuwaza, nalo ni kiwango cha sukari katika damu yake mwenyewe.

Jambo hilo limezua mvutano wa zaidi ya miaka 30 nchini Uingereza, ambako sheria za leseni zimebadilishwa mara kadhaa kwa ajili ya watu wa aina hii. Upande mmoja wamesimama wahudumu waliosomea kazi ya kuokoa maisha na wanaoitegemea kwa riziki. Upande wa pili wako madaktari na wasimamizi wa leseni, wanaohofia gari la tani kadhaa likienda kasi mikononi mwa mtu ambaye ubongo wake umepungukiwa na sukari.

Ili kuelewa hofu hiyo, ni lazima kwanza ieleweke kazi ya insulini mwilini.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Ndiyo inayofungua mlango wa chembechembe za mwili ili sukari iliyo katika damu iingie na kutumiwa kama nguvu. Kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, chembechembe zinazoitengeneza huwa zimeharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, na bila sindano hawawezi kuishi. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyedungwa mjini Toronto, Canada, mnamo Januari 1922. Kabla ya hapo, kugunduliwa kuwa na maradhi haya kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifo.

Lakini sindano haina akili ya kongosho. Kongosho lenye afya hufuatilia sukari saa zote na kupunguza insulini pindi sukari inapoteremka. Dozi iliyodungwa haiwezi kurudishwa. Insulini ya kasi, ile inayodungwa wakati wa mlo, huanza kufanya kazi baada ya kama robo saa na huendelea kwa saa kadhaa, mwenyewe awe amemaliza chakula chake au ameiacha sahani mezani kwa sababu ameitwa kwenye ajali.

Hapo ndipo sukari hushuka kupita kiasi.

Ubongo hauna ghala la maana la kuhifadhia sukari. Hutegemea ile inayoletwa na damu dakika kwa dakika. Inapoteremka chini ya milimoli 4 kwa lita, mwili hupiga kengele kwa kumwaga adrenalini. Mtu hutokwa jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio na njaa humkaba. Asipokula kitu cha sukari, dalili za pili hufuata, na hizi ni za ubongo wenyewe kuzidiwa: macho kuona ukungu, ulimi kuwa mzito, maamuzi kwenda kombo, na hatimaye kuzirai.

Mtu aliye katika hatua hiyo mara nyingi hajui kwamba amezidiwa. Hufanana na mlevi anayesisitiza kwamba yuko sawa kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2000, waliwaweka watu wenye kisukari cha aina ya kwanza katika chombo kinachoigiza uendeshaji wa gari huku wakiishusha sukari yao polepole. Uendeshaji ulianza kuharibika sukari iliposhuka chini kidogo tu ya 4, na ni wachache waliochukua hatua ya kusimama au kunywa soda waliyowekewa kando.

Sasa mtu huyo na awekwe ndani ya ambulensi. King'ora kinalia, taa za buluu zinamulika, magari yanasukumana kutafuta nafasi ya kumpisha. Dereva yeyote katika hali hiyo, hata asiye na maradhi yoyote, hutokwa jasho na moyo wake hudunda kwa nguvu. Dalili ambazo zingemwonya mwenye kisukari kwamba sukari inashuka ndizo zile zile zinazoletwa na kazi yenyewe. Ni vigumu kutambua jasho la hatari lilipoanzia na jasho la king'ora lilipoishia.

Zamu nayo ina mambo yake. Wahudumu wengi wa ambulensi hufanya kazi kwa saa 12, baadhi ya zamu zikiwa za usiku. Mapumziko ya chakula hukatizwa na simu. Msisimko wa dharura huweza kupandisha sukari, kisha kubeba machela kutoka ghorofa ya tatu huiteremsha. Mtu aliyezoea kula saa saba hujikuta saa kumi alasiri bado yuko nje ya hospitali akisubiri mgonjwa wake apokelewe.

Kuna kinaya kimoja ambacho wasiougua kisukari hawakijui. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliotolewa mwaka 1993, ukihusisha wagonjwa 1,441, ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kwa makini huyakinga macho, figo na mishipa ya fahamu. Hata hivyo, waliodhibiti kwa makini zaidi walipatwa na visa vya sukari kushuka vibaya takriban mara tatu ya wenzao. Yaani mgonjwa mtiifu kuliko wote, yule anayesifiwa kliniki, anaweza kuwa ndiye aliye karibu zaidi na hatari akiwa barabarani.

Sheria ilivyobadilika

Nchini Uingereza leseni zimegawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la magari madogo na pikipiki. Kundi la pili ni la malori na mabasi, na masharti yake ya afya ni makali zaidi. Magari yenye uzito wa kati ya tani 3.5 na 7.5, yanayoendeshwa kwa leseni ya daraja la C1, yamo katika kundi la pili. Ambulensi nyingi zinapopakiwa vifaa huvuka tani hizo 3.5.

Tangu Aprili 1991, watu wanaotumia insulini walifungiwa mlango wa leseni mpya za malori na mabasi, bila kujali jinsi walivyojitunza. Januari 1998 marufuku hiyo ikapanuliwa hadi daraja la C1, kufuatia kanuni za Ulaya. Waliokuwa wameendesha magari hayo kwa miaka mingi bila ajali walijikuta wamenyang'anywa ruhusa kwa sababu ya kipengele cha karatasi.

Malalamiko yalikuwa mengi, na chama cha kutetea wagonjwa wa kisukari nchini humo kiliendesha kampeni. Hoja yake ilikuwa rahisi: apimwe mtu, si jina la ugonjwa wake. Mnamo Aprili 2001 serikali ililegeza kamba, ikakubali kuwachunguza mmoja mmoja wanaoomba leseni ya C1. Miaka kumi baadaye, tarehe 15 Novemba 2011, mlango ulifunguliwa hata kwa malori makubwa na mabasi.

Ruhusa hiyo haikutolewa bure. Mwombaji alitakiwa awe amekaa miezi 12 bila kupatwa na kisa hata kimoja cha sukari kushuka kiasi cha kuhitaji msaada wa mtu mwingine, hata kama kingetokea akiwa usingizini. Alitakiwa awe na uwezo kamili wa kuhisi sukari inaposhuka, maana baadhi ya watu walioishi na kisukari miaka mingi hupoteza uwezo huo. Alitakiwa kupima damu angalau mara mbili kwa siku, hata siku asizoendesha, na kwa mashine yenye kumbukumbu ili asiweze kuandika namba za uongo. Kila mwaka daktari bingwa asiyekuwa anayemtibu alichunguza rekodi za miezi mitatu, na leseni yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja tu.

Juu ya hayo kuna kanuni za safari. Dereva hupima si zaidi ya saa mbili kabla ya kuwasha gari, kisha kila baada ya saa mbili akiwa safarini. Namba anayofunzwa kuikumbuka ni 5. Akiwa na 5 au zaidi huendelea. Akiwa kati ya 4 na 5, hula kitu kwanza. Akiwa chini ya 4, haruhusiwi kuendesha. Anayehisi sukari inashuka akiwa barabarani huegesha mahali salama, huzima injini, huchomoa ufunguo, huondoka kwenye kiti cha dereva na kunywa au kula kitu chenye sukari ya haraka. Hawezi kurejea kwenye usukani hadi dakika 45 zipite baada ya sukari kurudi pazuri, kwa kuwa ubongo huchelewa kupona kuliko damu.

Dereva wa lori la mizigo anaweza kuyafuata hayo. Hupanga safari yake, akajua atasimama wapi na saa ngapi, na shehena yake ikichelewa dakika 45 hakuna anayekufa.

Dereva wa ambulensi hana anasa hiyo. Ndiyo sababu jopo la madaktari linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu kisukari na uendeshaji lilipendekeza kwamba wanaotumia insulini wasiendeshe magari ya dharura. Jopo halikudai kwamba watu hawa ni wazembe. Lilisema kwamba hata aliye na udhibiti wa kupigiwa mfano atapata shida kufuata ratiba ya kupima wakati anapoitikia dharura. Ni hoja nzito, na wanaoipinga hawajaweza kuipuuza.

Hata hivyo, pendekezo si sheria. Mamlaka ya leseni huamua iwapo mtu anaweza kupewa leseni, na kila idara ya polisi, zimamoto au ambulensi huamua iwapo itamkabidhi gari. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na leseni halali ya C1 mfukoni, akakataliwa na mwajiri mmoja, na akakubaliwa na mwingine.

Mfano wa marubani

Wanaopinga marufuku ya jumla hupenda kutaja marubani. Mwaka 2012 mamlaka ya safari za ndege ya Uingereza iliruhusu marubani wa ndege za abiria wanaotumia insulini kurejea kazini chini ya utaratibu mkali. Hupima sukari kabla ya safari, kila saa wakiwa angani, na tena katika nusu saa ya mwisho kabla ya kutua. Kiwango kinachokubaliwa ni kati ya 5 na 15. Marekani nayo ilitangaza utaratibu wa kuwaruhusu marubani wa ndege za kibiashara mwaka 2019.

Ikiwa mtu anaweza kuaminiwa na ndege yenye mamia ya abiria, huuliza wanaharakati, kwa nini asiaminiwe na ambulensi?

Ulinganisho huo una mvuto, lakini haujakamilika. Rubani ana mwenzake kando yake, mwenye usukani wake, anayeweza kushika ndege mara moja. Kwa sehemu kubwa ya safari ndege hujiendesha. Dereva wa ambulensi yuko peke yake mbele, mwenzake akiwa nyuma akimshughulikia mgonjwa. Tena rubani anaweza kujichoma kidole akiwa angani, jambo ambalo dereva hawezi kulifanya akikatiza taa nyekundu.

Teknolojia imebadilisha sehemu ya mjadala huu. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyobandikwa mkononi au tumboni, ambavyo husoma sukari mfululizo na kulia kengele kabla haijafika pabaya. Huonyesha pia inaelekea wapi, jambo ambalo tone la damu haliwezi kueleza. Uingereza iliwaruhusu madereva wa magari madogo kuvitegemea tangu 2019, ingawa kwa wenye leseni za kundi la pili tone la damu la kidoleni liliendelea kudaiwa hata baada ya hapo. Dosari yake ni kwamba kifaa hakisomi damu yenyewe bali majimaji yaliyo chini ya ngozi, na sukari inaposhuka kwa kasi kifaa hubaki nyuma kwa dakika kadhaa. Katika mwendo wa king'ora, dakika kadhaa ni kilomita nyingi.

Tatizo ambalo masharti makali yenyewe huweza kulizaa ni usiri.

Nchini Denmark, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2015 waliona kwamba baada ya kanuni mpya za leseni za Ulaya kuanza kutumika, wagonjwa waliowaeleza madaktari wao kuhusu visa vya sukari kushuka vibaya walipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna dawa mpya iliyokuwa imepatikana. Maelezo yaliyo karibu na ukweli ni kwamba watu waliacha kusema.

Kunyamaza kuna gharama yake. Mnamo Desemba 22, 2014 lori la taka liliparamia watu mjini Glasgow na kuua sita baada ya dereva wake kuzirai. Tatizo lake halikuwa kisukari. Lakini uchunguzi wa mahakama ulibaini kwamba alikuwa amewahi kuzirai kazini mwaka 2010 na hakueleza ukweli kwa madaktari wala kwa wenye leseni. Kwa mhudumu wa ambulensi ambaye kukiri kisa kimoja cha usiku kunaweza kumpokonya kazi kwa mwaka mzima, kishawishi cha kufunga mdomo ni kikubwa. Mfumo unaomwadhibu msema kweli na kumwacha anayeficha hauwezi kuitwa salama, hata kama masharti yake ni marefu namna gani.

Marekani suala hili lilifika mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas ilikuwa imeamua kwamba dereva anayetumia insulini ni hatari kwa vyovyote vile, bila haja ya kumchunguza. Mwaka uliofuata Jeff Kapche, aliyeomba kazi ya polisi katika jiji la San Antonio, alikataliwa kwa sababu ya kisukari chake, kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji kuendesha gari. Alishtaki. Mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba tiba na sheria zimesonga mbele, na kwamba kila mtu lazima apimwe kwa hali yake binafsi. Baadaye Kapche alilishtaki pia shirika la upelelezi la FBI kwa kumkatalia kazi, na mwaka 2009 baraza la mahakama lilimpa ushindi.

Uingereza nayo ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ambayo inamtaka mwajiri afanye marekebisho ya busara kwa mfanyakazi ambaye ugonjwa wake unahesabika kama ulemavu. Katika ambulensi yenye wahudumu wawili, rekebisho lililo wazi ni kwamba mmoja aendeshe na mwingine akae na mgonjwa daima. Wapo wanaofanya kazi hivyo, ijapokuwa mwenzake hubeba mzigo wote wa usukani kwa saa 12, na ratiba za zamu huwa fumbo kwa msimamizi. Wengine huhamishiwa chumba cha kupokea simu. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu yule yule anayeaminiwa kumdunga mgonjwa mahututi dawa kali ndiye asiyeaminiwa kuegesha gari lililombeba.

Kwa Kenya, suala hili linagusa serikali za kaunti moja kwa moja. Katiba ya 2010 iliziweka huduma za ambulensi na zimamoto chini ya kaunti, kwa hivyo zenyewe ndizo waajiri wa madereva wengi wa aina hii. Kifungu cha 27 cha Katiba hiyo hiyo kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na hali ya afya imetajwa waziwazi. Sheria ya Trafiki, kwa upande wake, inamtaka anayeomba leseni atangaze maradhi yoyote yanayoweza kuufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Dereva anayeanza kutumia insulini akiwa tayari kazini husimama katikati ya vifungu hivyo viwili.

Yapo pia masuala ya mfuko. Mtu anayepima kabla ya zamu na kila baada ya saa mbili hadi zamu ya saa 12 iishe huhitaji vipimo saba kwa siku moja ya kazi, ukiacha vile vya nyumbani. Huko England anayetumia insulini halipii dawa anazoandikiwa na daktari. Nchini Kenya wagonjwa wengi hununua vibanzi vya kupimia sukari kwa pesa zao wenyewe, na mwajiri atakayemtaka dereva wake apime mara saba kwa zamu atalazimika kwanza kuamua nani atavilipia.